Simu inasema siku za hatari zimepita, kipimajoto kinasema ndiyo kwanza. Nifuate kipi?

SubiraYangu

Habari zenu wadau. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo naomba mnisaidie maana kichwa kimejaa.

Nina miaka 36, mume wangu 39. Tunatafuta mtoto, na huu ni mwezi wa tisa. Wiki ile ile tulipoamua nilipakua programu ya kuhesabu mzunguko. Niliipenda kwa urahisi wake: unabonyeza siku damu ilipoanza, yenyewe inakuchorea mwezi mzima. Hedhi nyekundu, siku za hatari kijani, na siku ya yai kutoka ina duara la kijani lililokolea. (Tunaziita siku za hatari hata sisi tunaozitafuta kwa udi na uvumba.)

Duara langu huangukia siku ya 14, mwezi hadi mwezi. Basi maisha yetu tukayapanga kulizunguka. Mume wangu anafanya kazi kwa zamu, na miezi yote hii amekuwa akiwaomba wenzake wabadilishane ili kuanzia siku ya 10 hadi ya 14 alale nyumbani. Fadhila hiyo anailipa kwa kubeba zamu zao za usiku siku zinazofuata. Kwa hiyo kuanzia siku ya 15 hadi karibu ya 24 tunapishana mlangoni, yeye anaingia mimi natoka.

Mwezi wa sita wa kutafuta nikanunua vile vijiti vya mkojo vinavyoonyesha kwamba yai linakaribia kutoka. Programu ikaniambia nianze siku ya 11. Nikapima ya 11, ya 12, ya 13, ya 14, ya 15. Kila siku mstari mmoja umekolea, wa pili kivuli tu. Siku ya mwisho nilivipanga vyote vitano ukingoni mwa sinki, nikavitazama kimoja kimoja, nikajiambia basi, mayai yangu hayapevuki. Nililia mpaka mume wangu akadhani tumepata msiba. Mwezi uliofuata nikarudia, hali ikawa ile ile. Baada ya hapo sikununua tena.

Mwezi huu binamu yangu, ambaye naye alihangaika kabla ya kupata mtoto, amenishauri nipime joto la mwili kila asubuhi kabla sijainuka kitandani. Nimepata kipimajoto chenye desimali mbili. Kinalala chini ya mto wangu. Saa kumi na moja alfajiri kengele ikilia nakitia chini ya ulimi kabla sijaongea na mtu, kisha naandika kwenye daftari. Kuanzia siku ya 15 nimepata hivi: 36.31, 36.28, 36.35, 36.30, 36.33, 36.27, 36.24. Halafu siku ya 22 ikaruka 36.52, ya 23 ikawa 36.61, na leo siku ya 24 ni 36.63.

Jambo jingine. Siku ya 19 na ya 20 nilikuwa na ute mwingi, mwepesi, unaovutika kati ya vidole bila kukatika. Nilidhani ni ugonjwa. Nikajisafisha nikanyamaza.

Mizunguko yangu mitano iliyopita ilikuwa siku 33, 36, 34, 35 na 34. Programu bado imeng'ang'ania kwamba yai lilitoka siku ya 14, na inasema hedhi inakuja siku tano zijazo. Najua itakavyokuwa. Siku ya 29 itaniandikia "Hedhi yako imechelewa", na mimi nitaanza kushika tumbo. Kila mwezi inanipa siku tano au sita za matumaini, wakati mwingine nane, halafu damu inakuja. Nimeshapima mimba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Naomba kujua: nifuate simu au mwili? Na kama kipimajoto kinasema kweli, miezi hii yote tulikuwa tunafanya nini?

Nawasilisha.

NyotaYaJioni

Pole sana dada. Hiyo "imechelewa" naijua, inakata maini. Mimi ilinichorea duara la kijani hata nilipokuwa nanyonyesha mtoto mchanga na hedhi haijarudi kabisa. Nimeweka mkeka hapa nasubiri wajuzi.

BibiMkunga

Mwanangu SubiraYangu, futa machozi kwanza, halafu fanya jambo moja kabla hujaendelea kunisoma. Fungua hiyo programu, ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa urefu wa mzunguko. Niambie kuna namba gani. Nadhani naijua.

Nimefanya ukunga miaka 27, na wanawake wanaokuja na simu mkononi nimewaona wengi. Nikukumbushe kitu ambacho programu nyingi hazikisemi kwa sauti. Miaka ya 1920 madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi *inayofuata*. Hesabu inatoka mbele kurudi nyuma. Sasa simu itajuaje hedhi inayofuata itakuja lini? Haijui. Inakisia, kisha inarudi nyuma siku 14 na kuchora duara. Ukiipa makisio mabovu, duara nalo linakuwa bovu, hata lingekuwa na rangi nzuri namna gani. Programu ya aina hiyo ni karani: inaandika ulichoiambia na kukupigia hesabu. Ndani ya mwili wako haijawahi kuingia.

Na hiyo 28 tuliyofundishwa wote si amri. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliopitia mizunguko zaidi ya 600,000 ambayo wanawake waliirekodi kwenye programu ya simu. Mizunguko ya siku 28 kamili ilikuwa 13 tu katika kila 100. Kinachorefuka na kufupika hasa ni kipande cha kwanza, kabla yai halijatoka. Kipande cha baada ya yai hakiyumbi sana. Ndiyo maana wewe mwenye siku 34 huwezi kuchorewa duara moja na mwenye 28.

Tuje kwenye daftari lako. Joto hupanda kwa sababu yai likishatoka, ovari inaanza kutoa homoni ya projesteroni, na hiyo ndiyo inayopasha mwili kwa sehemu ndogo kama ulivyoona, desimali mbili hadi tano hivi za nyuzi. Zako zimepanda siku ya 22 na zimekaa juu siku tatu mfululizo. Kwa hiyo yai lilitoka karibu na siku ya 20 au 21. Ute ulioudhani ni ugonjwa ulikuja siku mbili kabla, mahali pake hasa. Ule si ugonjwa, mwanangu. Ungekuwa na harufu mbaya, muwasho, au rangi ya ajabu, ningekuambia nenda ukapimwe. Ute ule ndio unaobeba mbegu na kuzilinda zisife njiani.

Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani yako hadi siku tano. Yai lenyewe halizidi saa 24. Kwa hiyo dirisha lako mwezi huu lilikuwa kama siku ya 16 hadi 21. Mlikutana lini mara ya mwisho? Siku ya 14. Ongeza tano, unafika 19. Yai lilipotoka, kulikuwa hakuna kitu cha kulisubiri. Na zile siku zenyewe ndizo mnazopishana mlangoni.

Vijiti vyako navyo havikuwa vibovu, na mayai yako hayakugoma. Kijiti kinapima homoni ya LH, ambayo hupanda ghafla saa 24 hadi 36 hivi kabla yai halijatoka. Wewe uliacha kupima siku ya 15, ilhali LH yako labda inapanda siku ya 19. Ni kama mtu aliyekwenda kituoni kumpokea mgeni, akaondoka siku nne kabla gari halijafika. Mwezi ujao anza siku ya 15 na usiache mpaka mstari wa pili ukolee sawa na wa kwanza au kuuzidi. Usinywe maji mengi saa mbili kabla ya kupima, mkojo ukiwa mwepesi mno unadanganya. Angalizo: wenye ovari zenye vifuko vingi LH yao inaweza kuwa juu muda mrefu, kijiti kikaonyesha ndiyo hata pasipo na yai. Kwa hiyo kijiti kisimame pamoja na joto na ute.

Joto nalo lina mpaka wake. Linakuthibitishia baada ya tukio, halikuonyi kabla. Ukisubiri lipande ndipo mkutane, mmechelewa. Kinachokuonya mapema ni ute na kijiti. Na ukiwa na homa, au umekesha, au umekunywa pombe, weka alama kwenye daftari siku hiyo, usiiamini namba yake.

Mwisho, na hili usiliweke kando. Kwa umri wa miaka 36 hatusubiri mwaka mzima. Miezi sita ya kujaribu bila mafanikio inatosha kwenda kliniki, wewe na mumeo. Hesabu mpya ifanye, lakini na kliniki nenda, vyote kwa pamoja. Beba hilo daftari.

Tulizo

Namheshimu sana BibiMkunga na yote aliyosema ni kweli tupu, ila niongeze upande wa pili, maana uzi huu utasomwa na watu wasiotafuta mtoto.

Mimi nilitumia programu kama hiyo kukwepa mimba. Mzunguko wangu ulikuwa siku 28 au 29 mwaka mzima, sikuwa na wasiwasi. Mwezi mmoja nikaumwa homa kali wiki nzima mwanzoni mwa mzunguko, sikuwa na hamu hata ya kuishika simu. Siku ya 19 nikaifungua, ikaonyesha nyeupe, salama. Kumbe ugonjwa ulikuwa umelisogeza yai mbele. Binti yangu ana miaka miwili sasa na nampenda kuliko nafsi yangu, lakini ule usiku niliokaa na kijiti chenye mistari miwili, mdogo wake aliyemtangulia akiwa bado hajaacha ziwa, siusahau.

Samahani, nimeandika kinyume: aliyemtangulia ni kaka yake. Naandika na mtoto mapajani.

Ninachotaka kusema ni kwamba anayetafuta mtoto akikosea anapoteza mwezi. Anayekwepa akikosea ndiyo imetoka hiyo. Programu nyingi za kalenda hazijapimwa na mtu yeyote kama kinga ya mimba. Ipo Natural Cycles, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipa kibali mwaka 2018 itumike kama njia ya uzazi wa mpango, lakini hiyo inakudai upime joto, na kwa matumizi ya kawaida wanawake 7 hivi katika 100 hushika mimba ndani ya mwaka. Hiyo ni iliyopimwa. Isiyopimwa utajaza mwenyewe.

BabaWatatu

Nisameheni kina dada kwa kuingia barazani kwenu. Nitasema moja tu.

Shemeji yangu, mumeo amepimwa? Sisi tulikaa miaka mitatu mke wangu akizunguka kliniki peke yake, akipimwa damu, akipigwa picha, akiingiziwa mirija, mimi nasubiri kwenye benchi nje nikijiona mume mwema kwa kuwa nimemsindikiza. Siku daktari aliponigeukia na kusema "na wewe?", nilikasirika. Nikapima. Tatizo lilikuwa kwangu, na lilitibika. Miaka mitatu ya machozi ya mke wangu ilihitaji kikopo kimoja kutoka kwangu.

Mumeo anayebeba zamu za watu ili alale nyumbani ni mwanamume anayetaka mtoto kweli. Mwambie tu. Na zamu za usiku mfululizo zinachosha mwili, azitaje kwa daktari. Mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo lolote atakalorekebisha leo matunda yake hayaonekani wiki ijayo.

Kodi_na_Kahawa

Mimi natengeneza programu za simu, si hizi za hedhi, lakini najua zinavyokula. Kuna mambo mawili.

Kwanza, mleta mada, hiyo programu yako inaelekea imefungwa kwenye namba uliyoijaza mwanzo. Nyingi zina kitufe cha kuchagua: tumia namba niliyoweka, au tumia wastani wa mizunguko yangu. Washa hicho cha pili. Wastani wako ni siku 34 na ushee, duara litahamia karibu na siku ya 20. Bado itakuwa makisio, lakini makisio yanayokujua wewe.

Pili, kumbuka unaiambia nini. Siku za damu, siku mlizokutana, vipimo vya mimba ulivyofanya. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimalizana na kampuni ya programu ya Flo, baada ya kuituhumu kwamba iliahidi kutunza siri za watumiaji na huku ikipeleka taarifa zao kwa makampuni mengine, Facebook ikiwemo. Zipo programu zinazohifadhi kila kitu ndani ya simu yako tu bila kukutaka ufungue akaunti. Drip ni mojawapo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kabla ya kupakua soma taarifa zinakaa wapi. Daftari lako nalo ni teknolojia nzuri tu, liendeleze.

SubiraYangu

Nimesoma yote nikiwa nimekaa sakafuni. BibiMkunga, nimefungua mipangilio. Imeandikwa 28. Niliiandika mwenyewe siku ya kwanza, iliponiuliza mzunguko wako ni wa siku ngapi, nikajaza bila kufikiri kwa sababu ndiyo namba niliyokuwa naijua tangu shuleni. Miezi tisa nimekuwa nikijaza siku 33, 34, 36, na yenyewe inarudi pale pale kwenye 28.

Mume wangu ameusoma ujumbe wa BabaWatatu mara mbili. Hakusema neno. Baadaye usiku akaniuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

SubiraYangu (wiki kumi baadaye)

Wadau, nimerudi kuwapa mrejesho maana mlinibeba.

Mwezi ule hedhi ilikuja siku ya 35. Sikushika mimba, na nililia, ila safari hii haikunishtukiza. Nilishaandika kwenye daftari kwamba itakuja ya 34 au ya 35, na siku ambayo programu ingeandika "imechelewa" nilikuwa nimeshaifuta. Sikupima mimba hata mara moja zile siku sita. Sijui kama mtu ambaye hajapitia anaweza kuelewa nafuu ya jambo hilo.

Mzunguko uliofuata tulihamisha zamu. Siku ya 16 hadi 21 alikuwa nyumbani. Vijiti nilianza siku ya 15: kivuli, kivuli, kivuli, siku ya 18 ukakolea kidogo, na siku ya 19 mchana mstari wa pili ukawa mweusi kuliko wa kwanza. Nilitoka nacho bafuni nikakibeba kama yai lenyewe. Mume wangu alikuwa jikoni, akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Kwa hiyo yapo?" Nikamwambia yapo. Tulikaa pale jikoni muda mrefu.

Joto lilipanda siku ya 21. Siku ya 34 likashuka, damu ikaja. Tumeenda kliniki wote wawili. Yeye amepeleka sampuli yake, majibu Alhamisi. Na mimi daktari aliniandikia kipimo cha damu cha projesteroni, cha kuhakikisha kwamba yai linatoka, nifanye siku ya 21 ya mzunguko huu. Nikamtolea daftari. Nikamwonyesha kwamba siku ya 21 kwangu yai ndiyo limetoka au linatoka, homoni bado haijapanda, na kipimo kingesema sina kitu, kama vijiti vile vya siku ya 15. Alikaa kimya akipitisha kidole kwenye namba zangu za asubuhi, ukurasa wa kwanza, wa pili. Akasema hicho kipimo kinatakiwa kifanyike siku saba hivi kabla ya hedhi, na 21 ni ya wenye mzunguko wa 28. Akachukua kalamu, akakata 21, akaandika 28.

Leo ni siku ya 25.